Shajara ya mradi: jozi za vigawo kwenye simu

Kwa nini nimeanza hii kazi

Nafundisha twisheni ya hisabati kwa watoto wa darasa la tano mpaka la saba na kuna kitu kimoja kinanikera muda mrefu. Ukimwambia mtoto atafute vigawo vyote vya 48 anaanza vizuri tu, moja, mbili, tatu, nne, afu anaruka sita, anakumbuka nane, kumi na sita kanapotea kabisa, mwisho daftarini kuna 1, 2, 3, 4, 8, 12, 48 na mtoto anakuangalia usoni anauliza, "mwalimu, vimeisha?" Na hilo swali ndo lenyewe sasa. Unajuaje kama vimeisha? Wengi wao hawajui, wanaacha pale walipochoka kufikiri, na hii inakuja kuwaumiza mbele maana KKS, yani Kigawo Kikubwa cha Shirika, inasimama juu ya vigawo, kurahisisha sehemu inasimama juu ya vigawo, hata maswali ya eneo na mzingo wa mstatili yako humohumo.

Kwa hiyo natengeneza ukurasa mmoja mdogo wa simu, faili moja tu la HTML lenye JavaScript kidogo ndani, mtoto anaandika namba nzima yoyote anaonyeshwa vigawo vyake. Bando halihitajiki, faili linatumwa kwa WhatsApp au Bluetooth linafunguka kwenye brauza, hata simu ya mama ya siku nyingi yenye kioo kilichopasuka italifungua.

Uamuzi wa kwanza nshaufanya kabla sijaandika hata mstari mmoja: programu haitatoa orodha, itatoa jozi. Yani 48 haitoki kama 1, 2, 3, 4, 6, 8 na kuendelea, inatoka 1 × 48, 2 × 24, 3 × 16, 4 × 12, 6 × 8. Kigawo hakiji peke yake hata siku moja, ukigawanya 48 kwa 3 ukapata 16 bila baki umepata vigawo viwili kwa mpigo, 3 na 16, na mtoto anayeandika 3 halafu akaacha 16 ikapita amekua na jibu mkononi akalidondosha.

Toleo 0.1

Nimeanza na njia iliyo wazi kuliko zote. Chukua namba, gawanya kwa 1, kwa 2, kwa 3, endelea mpaka uifikie namba yenyewe, kila pasipo na baki andika. Nimeanza hivi makusudi, hii ndo njia ambayo mtoto anaijua tayari na ni ya polepole lakini haiwezi kuacha kigawo hata kimoja, kwa hiyo kila toleo litakalofuata ntalipima kwa hili, majibu yakitofautiana najua toleo jipya ndo lina shida.

Nimeweka na kihesabio chini ya skrini kinachosema programu imegawanya mara ngapi. Kwangu mimi hiki kihesabio ni muhimu kuliko hata jibu lenyewe, jibu linamwambia mtoto vigawo ni vipi, kihesabio kinamwambia njia yake ina gharama gani.

Ukiweka 48 kinasoma 48. Ukiweka 999,983, ambayo ni namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya milioni moja, kinasoma 999,983, na baada ya kazi yote hiyo unaletewa jozi moja tu, 1 × 999,983.

Toleo 0.2, hapa ndo penyewe

Leo nimeandika sehemu ambayo ndo sababu ya mradi mzima, kwa hiyo ntakaa hapa kidogo.

Ukizipanga jozi za 48 kwa safu, upande wa kushoto unapanda, 1, 2, 3, 4, 6, na upande wa kulia unashuka, 48, 24, 16, 12, 8, kama watu wawili waliotoka ncha mbili za barabara moja wanatembea kukutana. Wakishapishana, kila utakachokiona ni kilekile kimegeuzwa, 8 × 6, 12 × 4, 16 × 3. Wanapishana wapi? Kwenye kipeuo cha pili cha namba. Cha 48 ni kama 6.93. Jozi yoyote inayozaa 48 haiwezekani namba zake zote mbili ziwe juu ya 6.93, zikizidishana zitavuka 48, na haiwezekani zote ziwe chini, zao halitafika. Kwa hiyo kila jozi lazima iwe na mdogo mmoja aliye chini ya hapo. We tafuta wadogo tu, kila mdogo anakuja na mkubwa wake mwenyewe.

Na lile swali la "vimeisha?" limepata jibu ambalo mtoto anaweza kulisimamia mbele ya mtu yeyote. Umejaribu 1 mpaka 6, 7 × 7 ni 49 imeshapita 48, basi vimeisha. Si kwamba mwalimu kasema, yeye mwenyewe anaona hakuna pa kujificha.

Ndani ya programu sijaita kipeuo kabisa, nimeandika tu kwamba endelea maadamu i × i haijazidi namba, i ni ile namba ndogo inayojaribiwa. Sababu ni mbili: kompyuta ikitafuta kipeuo inafanya kazi na desimali na kwenye namba kubwa desimali zinaweza kukwaruza jibu kidogo, kumbe i × i ni namba nzima tupu, na pili mtoto wa darasa la tano ambaye vipeuo bado hajavishika vizuri anaweza kuifuata hiyo kanuni kwa kuzidisha tu.

Kihesabio sasa: 48 imetoka mara 48 imekua mara 6. Ile 999,983 imetoka mara 999,983 imekua mara 999. Nimekaa naiangalia hiyo 999 kwenye skrini nikafurahi kweli, na kilichofanya hivyo si simu kali wala lugha ya programu, ni kuelewa tu kwamba vigawo vinatembea wawiliwawili.

Watoto wamelijaribu

Nimewapa 0.2 kwenye kipindi, kila kikundi simu moja. Wameanza kuandika namba za nyumba, miaka yao ya kuzaliwa, kila mtu anataka namba yake ndo iwe na jozi nyingi, na mashindano yameanza bila mimi kuyaitisha.

Binti mmoja wa darasa la sita kaniita, "Mwalimu, 36 ina jozi tano lakini vigawo tisa, si vilitakiwa viwe kumi?" Swali tamu kupita kiasi. Jozi zake ni 1 × 36, 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9 na 6 × 6, na hiyo ya mwisho pande zote ni mtu yuleyule. Nikamwambia sijibu, jaribu 16, jaribu 25, jaribu 49, afu niambie unaona nini. Amerudi na daftari limejaa: 16 vigawo vitano, 25 vitatu, 49 vitatu, 100 tisa, zote idadi ya witiri, na namba zingine zote alizojaribu ni shufwa. Amejipatia mwenyewe kwamba namba iliyo kipeo cha pili cha namba nzima ndo pekee yenye idadi witiri ya vigawo. Nimeongeza kwenye programu: jozi ya hivyo inatokea kwa rangi ya machungwa ili isipite bila kuonekana.

Mayai, soda na wavu wa kuku

Nimeongeza picha. Kila jozi inachorwa kama mstatili wa vidoti, maana jozi ya vigawo ndo hiyo hasa, njia moja ya kupanga vitu katika mistari iliyo sawa bila kubaki hata kimoja.

Mifano nimeitoa dukani. Trei la mayai ni 30, limepangwa 5 × 6. Kreti la soda ni 24, limepangwa 4 × 6. Nikawauliza kwa nini kreti lisiwe la chupa 23, wakachora, ikatoka mstari mmoja mrefu 1 × 23 wakaanza kucheka wakiwaza mtu anabeba kreti la urefu huo kwenye bodaboda. Namba tasa hiyo, haipangiki.

Ila kilichowagusa zaidi ni banda la kuku. Una mita za mraba 36 za banda na wavu unaununua kwa mita. Ukijenga 1 kwa 36 unahitaji mita 74 za wavu, 2 kwa 18 ni mita 40, 3 kwa 12 ni 30, 4 kwa 9 ni 26, 6 kwa 6 ni 24. Eneo ni lilelile, kuku ni walewale, wavu unapungua kila jozi inavyosogeleana. Nimeweka mzingo pembeni ya kila mstatili. Mzazi mmoja aliyekuja kumchukua mwanae kasimama mlangoni kasikiliza mpaka mwisho afu akaomba nae atumiwe faili.

Namba zenye jozi nyingi

Nilikua natafuta namba za kujaribia programu nikajikuta nasoma historia. Watu wa Babeli ya kale waliohesabu kwa makundi ya 60 walikua wanaandika kwenye vibao vya udongo majedwali ya namba mbilimbili ambazo zao lake ni 60: 2 na 30, 3 na 20, 4 na 15, 5 na 12, na kuendelea. Hizo ni jozi za vigawo kabisa, na walizitumia ili kugawanya kuwe ni kuzidisha tu. Dakika zetu 60 na nyuzi 360 za duara zimetokana na mfumo wao huo.

Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nae aliandika kuhusu mji wa kufikirika wenye kaya 5,040, na sababu aliyoitoa ni kwamba namba hiyo inagawanyika kwa vigawo vingi, kila kitu kuanzia 1 mpaka 10, kwa hiyo mji unagawanyika vizuri kwa kodi, kwa ardhi, kwa vita. Nimeiweka kwenye programu: jozi 30, yani vigawo 60. Skrini imejaa mistatili mpaka unasogeza kwa kidole. Na mwaka 1915 Srinivasa Ramanujan kutoka India alichapisha uchunguzi mrefu wa namba za aina hii, ambazo zina vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo chini yao, 12, 24, 60, 360 na 5,040 zote zimo.

Watoto wamepewa kazi ya nyumbani, watafute namba chini ya 10,000 inayoishinda ile ya Plato. Zipo mbili zinazoongoza, 7,560 na 9,240, kila moja jozi 32. Sijawaambia.

Toleo 0.3, kujua idadi kabla ya kutafuta

Hili ni la darasa la saba na waliofika sekondari. Ukishaivunja namba kwenye vigawo tasa unaweza kujua ina vigawo vingapi kabla hujavitafuta. 360 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5, yani 2 ziko tatu, 3 ziko mbili, 5 iko moja. Kila kigawo cha 360 kinatengenezwa kwa kuchagua mbili ngapi (hakuna, moja, mbili au tatu, hizo ni chaguo 4), tatu ngapi (chaguo 3), tano ngapi (chaguo 2). 4 × 3 × 2 ni 24. Vigawo 24, jozi 12. Ukihesabu kwenye skrini 1 × 360 mpaka 18 × 20 zinakuja 12 kweli. Kwa 144 inatoka vigawo 15, witiri, kwa hiyo unaongeza moja unagawanya kwa mbili, jozi 8, na ya mwisho ni 12 × 12 ya machungwa.

Nimeiweka kama kinga ndani ya programu, inatafuta jozi kwa njia ya kawaida afu inahesabu idadi kwa njia hii, zikitofautiana inaonyesha onyo jekundu. Nimeiachia ipite namba zote mpaka 100,000 zikienda sambamba na 0.1, onyo halijatokea.

Kwenye namba witiri nimeruka majaribio ya shufwa yote, namba witiri haina kigawo shufwa. Kwa 999,983 kihesabio kimeshuka mpaka 500. Ningeweza kuweka orodha ya namba tasa zilizo chini ya 1,000, ambazo ni 168, kihesabio kingesoma 168, ila nimekataa. Mtoto hawezi kuifanya hiyo kichwani na faili linakua zito bila sababu.

Mpaka wa programu

Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini kwa yeyote atakaetengeneza kitu kama hiki. JavaScript kwa namba zake za kawaida inahakikisha usahihi wa namba nzima mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, yani 2 kwa kipeo cha 53 kasoro moja. Ukiandika inayoishia na 993 yenyewe inaihifadhi kama inaishia na 992, kimyakimya, afu programu inakuambia kwa kujiamini kabisa kwamba namba yako ni shufwa. Excel nayo inashika tarakimu 15 tu, zinazozidi inazigeuza sifuri. Kwangu jibu la uongo lililo kimya ni baya kuliko kukosa jibu, kwa hiyo ukiuvuka mpaka huo kisanduku kinagoma na kinakueleza kwa nini.

Na hiyo namba ya mpakani yenyewe ni nzuri, nimeiweka kama mfano wa mwisho. Ina jozi nne: ya 1 na yenyewe, 6,361 × 1,416,003,655,831, 69,431 × 129,728,784,761, na 20,394,401 × 441,650,591. Kwenye simu ya bei ndogo unaona jozi ya pili na ya tatu zinatokea mara moja afu panatulia kidogo ndo inakuja ya mwisho, kipeuo chake kiko karibu na milioni 95 na programu lazima ifike huko kabla ya kusema vimeisha.

Toleo 0.4, njia ya Fermat

Pierre de Fermat, yule mwanasheria wa Toulouse kule Ufaransa aliyekua anafanya hisabati pembeni ya kazi yake, miaka ya 1640 alieleza njia inayoanzia upande wa pili. Sisi tunaanza na jozi zilizo mbalimbali, 1 na namba yenyewe, tunasogea katikati. Yeye anaanzia katikati. Chukua 5,959. Kipeuo chake ni 77 na kitu, panda mpaka 78: 78 × 78 ni 6,084, toa 5,959 inabaki 125, si kipeo cha pili cha kitu. 79 inabaki 282, hapana. 80 × 80 ni 6,400, inabaki 441, hiyo ni 21 × 21. Basi jozi ni 80 kutoa 21 na 80 kujumlisha 21, 59 × 101. Imekwisha, hatua tatu. Mfano wake mwenyewe Fermat ulikua 2,027,651,281 akaipata 44,021 × 46,061 kwa hatua 12, kwa mkono.

Watoto wa darasa la saba wameipenda kupita nilivyotarajia, maana zingine zinafanyika kichwani. 899 ni 900 kutoa 1, kwa hiyo 29 × 31. 391 ni 400 kutoa 9, 17 × 23. 1,591 ni 1,600 kutoa 9, 37 × 43. Mtu akiona 1,591 anadhani ni tasa, wao wanaivunja wakiwa wamesimama.

Ila si dawa ya kila namba. Inafanya kazi kwa witiri, na inakimbia pale tu jozi iko karibukaribu. Ile 999,983 kwa njia hii kihesabio kimefika 498,993 kabla haijakubali kwamba hakuna jozi nyingine, ilhali njia ya kawaida ilimaliza na 999. Kwa hiyo kwenye ukurasa nimeweka vitufe viwili na vihesabio viwili, mtoto anaandika namba, anabashiri njia gani itashinda, anabonyeza zote.

Namba ninayoipenda kwa hilo ni 8,616,460,799. Mwaka 1874 Mwingereza William Stanley Jevons aliichapisha akisema haoni kama kuna mtu mwingine zaidi yake atakaejua ni namba zipi mbili zimezidishwa kuipata. Fermat anaanzia 92,825, akifika 92,880 amemaliza: 89,681 × 96,079. Hatua 56. Mtu mwenye karatasi na subira angeipata enzi hizohizo za Jevons, njia ilikua na umri wa miaka mia mbili na zaidi.

Ninapoendelea

Wakubwa wameniuliza kwa nini nisitoe mpaka wa tarakimu 16, JavaScript ina BigInt, namba kubwa zinawezekana. Zinawezekana kuandikwa, ndio, kuzimaliza ni habari nyingine. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alionyesha mbele ya wanahisabati wenzake New York kwamba 147,573,952,589,676,412,927 ni 193,707,721 × 761,838,257,287, na inasimuliwa kwamba alipoulizwa ilimchukua muda gani alisema Jumapili za miaka mitatu. Programu yangu kwa namba hiyo ingejaribu witiri karibu milioni 97 ndo impate yule mdogo, inavumilika. Lakini kila ukiongeza tarakimu mbili kazi inazidishwa mara kumi. Namba yenye tarakimu 129 iliyotolewa kama changamoto mwaka 1977 ilivunjwa 1994 na mamia ya watu waliounganisha kompyuta zao, kwa njia nyingine za kina kabisa, na yenye tarakimu 250 imevunjwa 2020. Usalama wa mawasiliano mengi ya intaneti umeegemea ugumu huohuo, kuzidisha ni rahisi na kurudi kwenye jozi ni kazi.

BigInt ntaiweka kwenye faili la pembeni, si kwenye la watoto.

La watoto linalofuata ni 0.5 na nimeshaanza: kitufe cha "jaribu mwenyewe", ambapo programu haitoi jozi, mtoto anaziandika moja moja na mwishoni ndo anabonyeza "vimeisha". Akibonyeza mapema haambiwi imebaki ipi, programu inamuonyesha tu namba ndogo ambayo hajaijaribu chini ya mahali pa kupishana, aende aigawanye mwenyewe. Nimeijaribu na 48 kwa yule aliyekua anaacha kumi na sita. Ameandika tano zote, akanyamaza, akasema "saba mara saba arobaini na tisa", akabonyeza.